Sedani mpya ya familia, jina moja, magari tofauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayesubiri sedani iliyoundwa upya, anayetaka kununua iliyotengenezwa kwa soko jingine, na anayehangaika na spea zake. Tunaanza na ya msingi. Yanayowapata wachache yako mwishoni.

## Mambo ya msingi

1. Gari ni la jina moja na mwaka mmoja. Kwa nini lisiwe sawa kila mahali?

Kwa sababu kiwanda hakitengenezi gari la dunia nzima; kinatengeneza gari la soko fulani. Kila soko lina sheria zake za taa na usalama, petroli ya kiwango chake, kodi zake, upande wake wa usukani, na wanunuzi wenye matakwa yao. Sakafu, injini na mfumo wa magurudumu vinaweza kuwa vya familia moja, lakini kinachojengwa juu yake hubadilika.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "ni la mwaka gani?" bali "lilitengenezwa kwa soko gani?" Mengi yaliyo hapa chini yanategemea jibu hilo. Namna ya kulipata bila kumtegemea muuzaji iko katika swali la 15.

2. Kuna tofauti gani kati ya kizazi kipya na gari lililobadilishwa sura tu?

Kizazi kipya huja na bodi mpya na mara nyingi sakafu mpya. Mabadiliko ya katikati ya kizazi hugusa bampa, taa, grili, skrini na wakati mwingine injini, huku milango, paa na vioo vikubwa vikibaki vilevile. Kwa anayenunua spea, mabadiliko haya madogo ndiyo yenye mtego, kwa kuwa magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na taa zisizoingiliana. Zaidi ya hapo, mabadiliko hayaanzi siku moja duniani kote.

3. Je, hata ukubwa wa bodi hutofautiana?

Ndiyo, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua Toyota Corolla sedani ya kizazi kilichoingia Japani mwaka 2019. Ya Japani ina urefu wa milimita 4,495, upana wa 1,745 na umbali wa 2,640 kati ya ekseli. Ile ya masoko mengine mengi ina 4,630, 1,780 na 2,700. Ya Japani ilibanwa kwa ajili ya barabara na maegesho membamba. Kizazi hichohicho pia kilikuwa na nyuso mbili: moja ya kimichezo, nyingine ya kiungwana zaidi, kila moja kwa masoko yake.

Mfano wa zamani ni Honda Accord ya mwishoni mwa miaka ya 1990, iliyokuwa na bodi tofauti kwa Japani, Ulaya na Amerika Kaskazini. Kizazi kilichofuata kilikuwa na bodi mbili: ndogo ya Japani na Ulaya, ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la Acura TSX, na kubwa ya Amerika Kaskazini, ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Honda Inspire. Volkswagen nayo ilianza mwaka 2011 kutengeneza Chattanooga, Marekani, Passat ambayo umbali kati ya ekseli zake ulizidi wa Passat ya Ulaya kwa takribani sentimita 9.

Sababu za ukubwa huwa za wazi ukizichunguza. Japani, gari likizidi upana wa mita 1.7, urefu wa mita 4.7 au injini ya sentimita za ujazo 2,000, linahamia daraja la juu la usajili. China, wanunuzi wengi hujali nafasi ya kiti cha nyuma, kwa hiyo sedani hurefushwa: BMW 3 Series ndefu ya mwaka 2012 iliongezwa milimita 110 kati ya ekseli. Nyongeza kama hiyo humaanisha milango ya nyuma, vioo vyake, paa na mabomba ya chini visivyoingia kwenye gari fupi.

4. Kwa nini toleo jipya huchelewa kufika baadhi ya masoko?

Kila toleo hupimwa na kuidhinishwa kivyake, na viwanda havianzi pamoja. Ford Fusion ilionyeshwa Detroit Januari 2012. Ndugu yake Mondeo ilianza kuuzwa Ulaya mwishoni mwa 2014. Kuna pia masoko ambako kizazi cha zamani huendelea kuuzwa kwa bei ya chini kando ya kipya, kwa hiyo "jipya la mwaka huu" linaweza kuwa gari jipya la muundo wa zamani.

## Taa, bampa na buti

5. Taa za mbele za toleo jingine zitafaa?

Zinaweza kuingia vizuri kwenye bodi na bado zisifae. Mwanga wa dimu haugawanywi sawa pande mbili: upande wa ukingo wa barabara hupanda ili kuonyesha waenda kwa miguu na vibao, na upande wa magari yanayokuja hukatwa chini. Taa iliyotengenezwa kwa wanaoendesha kulia, ikitumika wanakoendesha kushoto, inapandisha mwanga machoni mwa anayekuja. Kuiinamisha kwa skrubu hakuondoi tatizo. Kunapunguza tu umbali unaouona.

Kupima ni rahisi. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, usiku, matairi yakiwa na upepo sahihi, kisha washa dimu. Mstari wa mwanga ukipanda upande wa kushoto, taa ni za kuendesha kushoto. Taa za Amerika Kaskazini huonyesha mpando mdogo zaidi, kwa sababu kanuni yao, FMVSS 108, si ile ya Umoja wa Mataifa inayotumika Ulaya, Japani na nchi nyingine nyingi.

Taa za LED zina shida ya ziada. Kanuni ya Umoja wa Mataifa hutaka taa zenye chanzo cha mwanga kinachozidi lumeni 2,000 zijirekebishe zenyewe kulingana na mzigo. Gari lisilo na sensa ya kimo kwenye ekseli halitakipa kisanduku cha taa taarifa hiyo, na utabaki na onyo kwenye dashibodi.

6. Mbona sedani ile ya Marekani ina indiketa nyekundu nyuma?

Marekani inaruhusu indiketa ya nyuma iwe nyekundu au ya rangi ya chungwa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inataka ya chungwa. Gari la Marekani pia lina taa ndogo za ubavuni, za chungwa mbele na nyekundu nyuma, ambazo ni lazima kule. Lisichokuwa nacho mara nyingi ni taa ya ukungu ya nyuma, ambayo Ulaya ni lazima. Ikiwa moja tu, hukaa upande wa kushoto wanakoendesha kulia, na upande wa kulia wanakoendesha kushoto.

Kubadilisha taa nzima za nyuma huhitaji pia nyaya na wakati mwingine programu ya kompyuta ya bodi, kwani kwenye gari la Marekani balbu moja inaweza kufanya kazi ya breki na ya indiketa.

7. Bampa na mfuniko wa buti vinaingiliana?

Tazama kwanza mahali pa namba. Kibao cha Ulaya ni milimita 520 kwa 110, cha Japani 330 kwa 165, cha Marekani takribani 305 kwa 152. Shimo la kibao hukatwa kulingana na hayo, na ndiyo sababu mfuniko wa buti wa soko moja huwa na bonde fupi lililosimama na wa jingine bonde refu lililolala.

Nyuma ya ngozi ya bampa kuna tofauti nyingine usiyoiona. Marekani hutaka bampa la gari dogo listahimili mgongano wa mwendo wa kutembea, maili 2.5 kwa saa, bila taa wala boneti kuharibika. Ulaya na Japani hukazia mguu na kichwa cha mtembea kwa miguu, hivyo povu huwa laini na boneti huachiwa nafasi juu ya injini. Ukinunua ngozi ya bampa ya soko jingine, nunua pamoja na povu, chuma cha ndani na vishikio vya pembeni. Ukichanganya, pembe hazikutani na fenda, na fundi ataishia kukata plastiki.

## Usalama

8. Nyota tano za majaribio ya mgongano za toleo la kule zinahesabika kwa toleo la hapa?

Hapana. Nyota ni za toleo lililopimwa, kwa vifaa vilivyokuwamo na kwa kanuni za mwaka ule. Gari la jina lilelile linaweza kupunguzwa eabegi za pembeni, mfumo wa kuzuia gari kuteleza (ESC), breki za kujifunga zenyewe, na hata vyuma vya kuimarisha nguzo. Mwaka 2016, shirika la kupima usalama wa magari Global NCAP na taasisi ya Marekani IIHS waligonganisha uso kwa uso Nissan Tsuru, sedani ya bei ya chini zaidi ya kampuni hiyo Mexico, na Nissan Versa, ya bei ya chini zaidi Marekani. Zote mbili zilitengenezwa Mexico. Kibanda cha Tsuru, isiyokuwa na eabegi, kiliporomoka. Cha Versa kilishikilia. Hivyo ndivyo suala la soko linavyoweza kufika mbali, na tunaliona kuwa sehemu muhimu kuliko zote za ukurasa huu.

Kabla ya kununua, hesabu mwenyewe: alama za "SRS AIRBAG" kwenye usukani, dashibodi, ubavu wa viti na nguzo; taa ya ESC ikiwaka unapowasha swichi na kuzimika; mikanda ya pointi tatu kwa viti vyote vitano, na vishikio vya ISOFIX vya kufungia kiti cha mtoto nyuma.

9. Eabegi yangu ni ya Takata. Nitajuaje kama inahitaji kubadilishwa?

Eabegi nyingi za Takata, kampuni ya Japani iliyozitengenezea chapa nyingi za magari, zilitumia nitrati ya amonia, ambayo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi; ikilipuka, chombo chake cha chuma kinaweza kurusha vipande kwa abiria. Gari likihamia nchi nyingine, barua ya mtengenezaji hailifuati. Ingiza namba ya chesisi kwenye ukurasa wa marekebisho wa mtengenezaji katika soko la asili, si la nchi ulipo, kisha ulizia kwa wakala wa karibu wa chapa hiyo. Usinunue eabegi iliyotumika kutoka kwenye gari lililokatwa, kwani inaweza kuwa mojawapo ya hizohizo.

## Injini, mafuta na joto

10. Injini ni ileile kwa jina, lakini nguvu imepungua. Imekuwaje?

Sababu kubwa ni petroli. Injini ya Mazda Skyactiv-G ya lita 2.0 ilitolewa ikiwa na mgandamizo wa 14:1 kwa Ulaya yenye oktani 95, na 13:1 kwa masoko yanayotumia petroli ya kawaida ya chini ya hapo. Oktani ikiwa ndogo kuliko injini inavyotaka, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati. Sensa husikia kugonga huko na kompyuta huchelewesha cheche. Gari halifi, ila linapoteza nguvu na kunywa zaidi.

Angalia pia namba ya pampu ni ya kipimo gani. Marekani huandika wastani wa vipimo viwili, kwingine huandika RON, kimojawapo cha hivyo viwili. Namba 87 ya Marekani ni takribani RON 91, na 91 yao ni kama RON 95 au 96. Mwenye kitabu cha Marekani kilichoandikwa 87 hahitaji kutafuta petroli ya bei kubwa kwa kuogopa kwamba 91 ni kidogo.

11. Kichungi cha masizi kwenye gari la petroli ni kitu gani, na kinanihusu?

Sedani nyingi za Ulaya zenye turbo na sindano zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda hubeba kichungi cha masizi kwenye ekzosi. Pacha wake wa soko jingine huenda asiwe nacho. Kikiwapo, weka oili ya majivu machache, daraja la ACEA C (la chama cha watengenezaji magari wa Ulaya) lililotajwa kwenye kitabu cha gari. Oili ya kawaida huacha majivu yasiyoungua, na kichungi huziba taratibu. Safari fupi fupi tupu nazo huziba, kwa kuwa masizi huhitaji joto la ekzosi ili yaungue.

Petroli au dizeli yenye salfa nyingi huathiri katalisti na vichungi. Injini iliyoundwa kwa mafuta ya salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni haitakaa sawa kwenye mafuta ya kiwango cha chini, hasa ya dizeli.

12. Toleo la nchi za joto lina nini cha ziada?

Kwa kawaida rejeta nene, feni zenye nguvu, kondensa kubwa ya AC, vichungi vya vumbi na betri ya kustahimili joto. La nchi za baridi hupata viti vya kupasha, betri kubwa zaidi na pengine hita ya injini. La barabara mbovu huinuliwa kidogo na kuongezewa kinga ya chini ya injini.

Kitu kinachosahaulika ni kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini. Watengenezaji wengi wa Asia hutumia yenye fosfati bila silika, na wa Ulaya yenye silika bila fosfati. Rangi haikuambii kitu, kwa sababu haina kanuni. Ukichanganya unapunguza kinga ya kutu, na baadhi ya michanganyiko huganda kama uji na kuziba rejeta. Ukibadilisha aina, mwaga yote, suuza kwa maji yaliyochujwa hadi yatoke safi, kisha weka mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Maji matupu yanachemka mapema na kula pampu, hata mahali pasipo na baridi.

13. Gesi ya AC ni ileile?

Si lazima. Tangu Januari 2017 magari yote mapya ya Ulaya hayaruhusiwi R-134a, mengi hutumia R-1234yf. Soma kibandiko chini ya boneti: kina jina la gesi na gramu zake. Viungio vya kujazia hutofautiana makusudi ili zisichanganywe. Fundi anayetoa adapta ili ajaze gesi nyingine anakuharibia mfumo. Kwa haibridi yenye kompresa ya umeme, oili ni ya POE. Oili ya kawaida ya PAG hupitisha umeme, na hitilafu yake inaweza kuzima mfumo mzima wa volti kubwa.

14. Takwimu za ulaji mafuta zinalinganishika?

Kwa shida. Kila soko lina jaribio lake: JC08 ya zamani ya Japani hutoa matokeo mazuri kuliko barabara, WLTP inayotumika Ulaya iko karibu zaidi na uhalisia, na ya EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, ni kali. Kubadili vipimo: lita kwa kilomita 100 ni 100 gawanya kwa kilomita kwa lita, 235 gawanya kwa maili kwa galoni ya Marekani, au 282 gawanya kwa maili kwa galoni ya Uingereza. Linganisha matokeo ya kipimo kimoja tu.

## Kulitambua gari na kununua spea

15. Nitajuaje gari lilitengenezwa kwa soko gani?

Anza na namba. Magari ya Japani ya soko la ndani hayana namba ya herufi na tarakimu 17. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu, kwa kawaida saba. Yenye 17 huanza na kanda ya kiwanda: J ni Japani, 1, 4 na 5 Marekani, 3 Mexico, W Ujerumani, K Korea, L China. Hiyo ni nchi ya kiwanda, si ya soko. Kwa magari ya Amerika Kaskazini, nafasi ya 10 ni mwaka wa modeli: L ni 2020, M 2021, N 2022, P 2023, R 2024, S 2025. Kwa masoko mengine nafasi hiyo inaweza kuwa 0 au kitu kisichohusu mwaka.

Kisha tafuta ishara. Maandishi ya onyo kwenye kioo cha pembeni cha abiria, odometa ya maili na taa za ubavuni ni Amerika Kaskazini. Redio ya FM inayoishia 90 au 95 na skrini ya Kijapani ni Japani. Kitufe cha SOS juu ya kioo cha ndani mara nyingi ni Ulaya, ambako simu ya dharura ya kujipiga yenyewe ni lazima kwa aina mpya za magari tangu Machi 2018.

16. Spea zipi huingiliana na zipi hazifai?

Pedi za breki, vichungi, plagi na bushi mara nyingi huingiliana, iwapo ekseli na injini ni za msimbo mmoja. Taa, bampa, vioo, ekzosi, nyaya, kompyuta, funguo na dashibodi zinahitaji uthibitisho wa namba. Namba ya Toyota huwa na tarakimu tano za aina ya kipuri, kistari, kisha herufi au tarakimu tano za toleo. Tano za kwanza zikilingana na za pili zisilingane, una kipuri cha kazi hiyohiyo kwa gari jingine. Mpe muuzaji namba nzima ya chesisi na mwezi wa kutengenezwa. Picha na jina la modeli havitoshi.

17. Redio, funguo na sensa za matairi zinanisumbua. Kwa nini?

FM ya Japani ni megahezi 76 hadi 95. Kwingi ni 87.5 hadi 108. Kifaa cha kuhamisha masafa hufanya kazi ila hukatisha baadhi ya vituo, na kubadilisha redio ndiyo suluhu ya kudumu. Redio za Marekani huruka kwa hatua za 0.2, hivyo baadhi ya vituo vya kwingine havishikiki hadi ubadilishe eneo kwenye mipangilio, ikiwa ipo.

Funguo na sensa za upepo za Marekani na Japani hutumia kwa kawaida megahezi 315, za Ulaya 433.92. Ukifunga sensa ya masafa yasiyo yake, taa ya tairi humetameta kwa dakika moja hivi kisha hubaki imewaka: huo ni mfumo kutosikia sensa. Ikiwaka moja kwa moja bila kumetameta, upepo ndio umepungua.

18. Spidomita inaonyesha zaidi ya GPS. Ni mbovu?

Huenda iko sawa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 hairuhusu spidomita ionyeshe chini ya mwendo halisi, lakini inairuhusu izidishe hadi sehemu ya kumi pamoja na kilomita 4. Ukiwa kwenye 100 kamili, inaweza kuonyesha hata 114. Tatizo lianzie pale inapoonyesha pungufu, mara nyingi kwa sababu ya matairi makubwa kuliko ya asili.

## Hali za pembeni

19. Naweza kuhamisha usukani upande wa pili?

Kiufundi inawezekana, na hatuishauri. Kazi haiishii kwenye usukani. Kunahitajika reki yake, pedali, silinda kuu ya breki na buusta, dashibodi, sanduku la hewa, nyaya zote za mbele, wipa, taa (swali la 5) na mara nyingi ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Ukuta huo ni sehemu ya muundo unaokulinda katika mgongano, na eabegi za mbele zimepangwa kwa upande wake. Weledi na gereji nzuri havirudishi vipimo vya kiwandani.

20. Ni haibridi ya kuchomeka. Tundu la chaji litalingana?

Japani na Amerika Kaskazini zimekuwa zikitumia tundu la Type 1, lenye fezi moja, Ulaya Type 2, linaloweza kubeba fezi tatu, China GB/T. Adapta ya kuchaji kwa umeme wa kawaida wa AC hupatikana. Hatari iko kwenye waya wa kubebea: ulioandikwa volti 100 hadi 120 usiuchomeke kwenye 230 kwa kubadili kichwa cha plagi tu. Chaja iliyo ndani ya gari mara nyingi hupokea 100 hadi 240, ila kisanduku kilicho kwenye waya kina mipaka yake. Nunua waya wenye volti ya eneo lako, na tundu lenye ardhi iliyopimwa.